Nyuma ya Kadi

Wivu haupigi hodi. Ulimwingia Bi Mkasi saa nne ya asubuhi, amesimama kwenye meza yake ya kukatia na chaki mkononi, pale alipomwona mpwa wa mwenye karakana akivuta droo ya tatu ya kabati la kadi. Droo ile ilikuwa na ukaidi wake: usipoinyanyua kidogo kwanza haiji, hata uite mafundi wa mji mzima. Yule binti aliinyanyua kidogo, akaivuta, ikaja. Nani alimfundisha? Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyeifungua droo ile bila kumwita Bi Mkasi, naye alipenda sana kuitwa.

Tuseme ukweli mapema: Bi Mkasi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na donge rohoni, basi, na donge hilo tumwachie Mungu kulipima. Sisi tusimulie.

Karakana ilikuwa ghorofani, juu ya duka la ndoo na mabeseni. Vyumba viwili vyenye madirisha marefu, cherehani tisa, pasi mbili, na pazia la kijani lililokata kona moja ya kujaribia nguo. Walishona nguo za wanawake: za kazini, za sherehe, za harusi. Mwenye mali alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani, na kila mtu, hata wateja waliomzidi umri, alimwita Shangazi. Yeye na Bi Mkasi walianza na cherehani moja ya kukanyaga, mmoja akikata na mwingine akishona, wakila sahani moja. Sasa Shangazi alikuwa na kibao kikubwa mlangoni, lakini ukitaka kujua kwa nini wanawake wa mji ule walikuwa hawataki kushonewa kwingine, jibu lilikuwa ndani ya lile kabati.

Kila mteja alikuwa na kadi yake. Mbele ya kadi ziliandikwa namba: kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono. Fundi yeyote angeweza kuziandika. Utamu ulikuwa nyuma. Nyuma ya kadi, kwa mwandiko wenye mikia mirefu, Bi Mkasi aliandika yale ambayo futi haiyasemi. “Bega la kulia limeshuka, pandisha kwa sponji.” “Anadai kiuno ni themanini. Mkubalie. Kata themanini na sita.” “Ana kovu mkononi, asiulizwe habari za mikono mifupi.” Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri za wanawake wale alizijua Bi Mkasi. Wateja walikuja wakampa mwili na shida zake, wakaondoka na gauni lisilosema neno.

Mwaka ule mvua zilipiga, bati likavuja usiku kucha juu ya kabati, na asubuhi droo nzima ya kadi ilikuwa rojorojo. Bi Mkasi alilia. Shangazi naye alilia, kisha akampigia simu kaka yake, na kaka yake akamleta binti yake aliyesomea mambo ya kompyuta.

Binti alifika na mkoba mgongoni na adabu mkononi. “Shikamoo, Bi Mkasi.”

“Marahaba,” alijibu Bi Mkasi, akiendelea kunoa mkasi wake ambao wala haukuwa butu.

“Kadi zilizobaki tunazipiga picha zote,” binti aliwaeleza mafundi siku hiyo hiyo, “halafu tunaziweka kwenye wingu.”

“Wingu gani tena?” aliuliza Shangazi.

“Ni kompyuta za watu, Shangazi, ziko mbali huko. Tunakodi nafasi, tunahifadhi vitu vyetu. Hata hapa pakiungua leo, kesho unafungua simu yako, kadi zako zote hizi hapa.”

Bi Mkasi alibetua midomo. “Wingu ndilo lililotulowanishia kadi. Sasa ndilo tulipelekee na zilizobaki?”

Karakana nzima iliangua kicheko, na tangu hapo binti akaitwa Wingu. Bi Mkasi alilitoa jina lile kama kofi, lakini halikukaa kama kofi. Kufika Ijumaa lilikuwa jina la kudekezwa. “Wingu wangu,” Shangazi alikuwa akisema, “njoo uniangalizie hii.” Zamani ilikuwa “Mkasi, njoo uniangalizie hii.” Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Huyu alikuja, mwenyeji akaanza kuumwa kichwa kila siku ifikapo saa saba, saa ambayo Shangazi na mpwa wake walikaa dirishani wakila chakula cha mchana kwenye bakuli moja.

Binti alikuwa mchapakazi, na hilo ndilo lililokuwa likiuma zaidi. Angekuwa mvivu, Bi Mkasi angepumua. Alipiga picha kadi mia mbili kwa siku, akizishika pembeni kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mabawa ya kipepeo, na kila aliyoitoa aliirudisha mahali pake. Siku ya tatu alikuja mpaka kwenye meza ya kukatia.

“Samahani, Bi Mkasi. Nyuma nako nipige? Naona kuna maneno ya watu.”

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Bi Mkasi alijua kilichokuwa nyuma ya kadi zile. Aliijua hasa kadi moja, ya mwalimu wa hesabu, ambaye miaka mitatu nyuma alikuja amevaa koti siku ya joto kali, akasubiri wateja wote waondoke, kisha akaingia nyuma ya pazia la kijani na kumwonyesha Bi Mkasi alichofanyiwa kifuani hospitali. Siku ile Bi Mkasi alimpima bila kuangalia pembeni na bila kumwonea huruma ya machozi. Alimshonea blauzi ambayo Mwalimu aliivaa akajitazama kwenye kioo, akageuka kulia, akageuka kushoto, akasema, “Kumbe nipo.” Nyuma ya kadi Bi Mkasi aliandika: “Kushoto hakuna. Sponji namba mbili, ishonewe ndani ya bitana. Ajaribu mwenyewe. Asijue mtu.”

Alimaanisha asijue mtu. Lakini sasa mwenye kuuliza alikuwa Wingu, na Wingu alikuwa ameuliza baada ya siku tatu, na donge lilikuwa limekaa pale pale kooni.

“Mimi nilianza lini kuulizwa humu ndani?” alisema. “Piga zote. Si umesema kwenu huko ni salama?”

Wingu akapiga zote.

Sasa lazima nikueleze habari ya vipimo vya Shangazi, maana msiba wote ulipitia hapo. Kando ya mlango palisimama sanamu la kuvalishia nguo, lililojazwa pamba mpaka likalingana na mwili wa Shangazi mwenyewe. Ndilo lililokuwa likitumika kufundishia mafundi wapya. Ilikuwa sheria ya karakana: hushiki mkasi mpaka uweze kutaja vipimo vya Shangazi bila kusita, kifua mia moja kumi na mbili, kiuno tisini na nane, nyonga mia moja ishirini na nne. Viliandikwa pia kwa kalamu nyeusi kwenye shingo ya sanamu. Shangazi aliviringia. “Wembamba wana huzuni,” alikuwa akisema, “mimi nina namba.”

Basi siku ya kuweka neno la siri la kufungulia wingu, Wingu alimwomba Shangazi achague maneno marefu, asiyoyajua mtu.

“Mimi huwa nasahau hata miwani iliyo usoni,” alisema Shangazi. “Weka vipimo vyangu. Hivyo siwezi kusahau, na fundi yeyote akitaka kadi hahitaji kuniuliza.”

Watu walicheka mpaka sindano zikaanguka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa fundi wa vifungo, mwanamke wa maneno mengi waliyemwita Kifungo. Na Wingu alipojaribu kuweka kufuli la pili, lile linaloitumia simu ya Shangazi namba ya kuthibitisha kila mtu anapofungua, Shangazi alivumilia siku moja tu. Simu ililia mara kumi na nne akiwa anazungumza na mteja. “Nimekuwa mlinzi wa geti mimi? Toa hicho kitu.”

Wiki mbili baadaye Kifungo aligombana na Shangazi kuhusu likizo, akafungasha mkasi wake mdogo na kikopo chake cha pini, akavuka barabara, akaajiriwa kwenye karakana ya upande wa pili. Ile ya upande wa pili ilikuwa mpya, yenye vioo na taa nyingi na wateja wachache.

Siku hiyo hiyo Wingu alimwendea shangazi yake. “Tubadilishe pasiwedi. Kifungo anaijua. Na simu yake bado imeunganishwa.”

“Nibadilishe vipimo vyangu kwa ajili ya Kifungo?” Shangazi alicheka. “Aliyeondoka ameondoka, mwanangu. Usinitie wasiwasi.”

Wingu alisimama kidogo, akazunguka cherehani, akaja kwenye meza ya kukatia. Hakuwa na mkoba mgongoni siku hiyo, na alionekana mdogo.

“Bi Mkasi, nisaidie. Mimi Shangazi ananiona mtoto. Wewe ukisema neno moja tu, anasikia. Mwambie tubadilishe. Humo ndani mna kadi zako, mna maneno yako. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hapa anaweza kuingia akiwa amekaa kwake.”

Bi Mkasi alimwelewa vizuri sana. Wasikudanganye wanaosema watu wa makamo hawaelewi mambo haya. Mtu aliyetunza funguo za kabati maisha yake yote anaelewa maana ya funguo kuwa mikononi mwa watu. Alielewa, na papo hapo, nyuma ya kuelewa, akaona jambo jingine: kwamba hiki kitu kikiharibika, atakayeaibika ni binti huyu mwenye bakuli dirishani. Shangazi atarudi kwenye kabati, na kabati litarudi kwa Bi Mkasi. Wazo lile lilikuwa tamu. Alilionja kidogo, akalimeza.

“Mambo ya wingu siyajui, binti yangu,” alisema. “Labda uniulize habari za mvua.”

Wingu alimtazama, akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye kiti chake.

Haukupita mwezi wateja wakaanza kupungua. Mke wa mfamasia hakuja kuchukuliwa vipimo vya suti yake. Dada wawili pacha waliokuwa wakishona hapo tangu wakiwa wasichana walionekana wakitoka upande wa pili na mifuko. Karani wa benki alipita kumsalimu Shangazi na, bila kujua anachosema, akasifu: “Wale wenzenu wa kule wana akili. Wamenipigia simu, hata kupima hawakunipima. Wana kila kitu changu. Mpaka bega wanalijua.”

Shangazi alidhani ni bei. Akapunguza bei. Wingu alidhani ni kitu kingine, akaomba tena pasiwedi ibadilishwe, akafokewa mbele ya watu kwamba tangu alete wingu lake biashara imeingia nuksi. Binti aliinamia kompyuta yake, na machozi yakadondoka kwenye vitufe akawa anayafuta kwa kipande cha bitana.

Na Bi Mkasi? Moyo wake ulipiga vigelegele. Hakuna njia ya kistaarabu ya kulisema hilo. Mchana ule Shangazi hakula dirishani. Alivuta kigoda mpaka kwenye meza ya kukatia, akafungua bakuli lake, akasema, “Mkasi, mwenzangu, hebu tule. Nimechoka na watoto.” Walikula pamoja kama zamani, na Bi Mkasi hakuwahi kula chakula kitamu namna ile.

Siku ya pili yake alikwenda kununua uzi. Kwenye duka la uzi, mbele ya rafu ya rangi za samawati, alikutana na Kifungo.

“Bi Mkasi wangu!” Kifungo alimkumbatia. “Mwandiko wako bado mzuri vile vile. Mikia ile! Bosi wetu anasema wewe ni kitabu.”

“Mnasoma kadi zangu?”

“Si ziko wazi? Mia moja kumi na mbili, tisini na nane, mia moja ishirini na nne,” Kifungo aliimba kama mtoto wa shule, akacheka. “Ningelipwa kwa kila mara niliyoimba namba zile, ningekuwa na karakana yangu. Usininunie, mama. Biashara ni biashara.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Bi Mkasi alitoka pale na uzi usiokuwa rangi aliyotaka. Njia nzima alijisemea: nitamwambia Shangazi. Nitamwambia nikifika. Alipofika alimkuta Wingu amesimama pembeni, mikono nyuma, akisemwa kuhusu umeme wa kompyuta, akaona: bado kidogo. Kesho. Au Ijumaa. Aachwe kwanza asikie uchungu wa kuwa mtu wa pembeni, kama nilivyousikia mimi.

Haikufika Ijumaa. Alhamisi, saa tano, Mwalimu alipanda ngazi.

Gauni lake la harusi lilikuwa limetundikwa kwenye ukuta, limekatwa, limeungwa kwa nyuzi za kushikiza tu, bado wiki tatu. Kila mtu karakanani alilipenda gauni lile. Mwalimu aliingia bila kubisha na bila salamu, yeye aliyekuwa akisalimia hata cherehani. Hakumtazama Shangazi. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kukatia, akaweka simu yake juu ya kitambaa.

“Huu mwandiko ni wa nani?”

Bi Mkasi alitazama. Mikia mirefu. Kushoto hakuna. Sponji namba mbili. Asijue mtu. Chini ya picha palikuwa na ujumbe wenye maua maua: karakana ya upande wa pili inampongeza bibi harusi, vipimo vyake wanavyo vyote mbele na nyuma, sponji zao ni laini zaidi, karibu sana.

“Wangu,” alisema Bi Mkasi.

“Jana jioni nilikuwa na mama mkwe wangu,” alisema Mwalimu. Alisema taratibu, kama anayeeleza hesabu kwa darasa. “Tumekaa, anaangalia picha za magauni kwenye simu yangu. Simu ilikuwa mkononi mwake ujumbe huu ulipoingia. Akausoma. Akanisomea kwa sauti, maana hakuelewa. Halafu akaelewa.”

Mwalimu aliigeuza simu, kioo kikatazama chini.

“Mwenzangu anajua. Nilimwambia mwenyewe, siku ya kwanza. Mama yake nilitaka nimwambie mimi, kwa mdomo wangu, siku nikiwa tayari. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Wewe umemwambia kabla yangu, Bi Mkasi. Kwa mwandiko wako. Mama wa watu amelia mpaka nikawa mimi ndiye wa kumbembeleza.”

“Si yeye.” Wingu alikuwa amesimama. Uso ulikuwa umemsawijika. “Ni mimi, Mwalimu. Mimi ndiye niliyepiga picha kadi nikaziweka mtandaoni. Pasiwedi ilikuwa nyepesi, nilijua ni nyepesi. Kazi ilikuwa yangu. Nisamehe, ni kosa langu.” Alikuwa ameshafungua kompyuta. “Imeingia simu isiyo yetu. Mara ishirini na tisa. Naitoa sasa hivi.”

Shangazi alijiinua kwenye kiti. Sijawahi kumwona mtu mwenye kicheko kikubwa akakasirika kidogo. Hasira yao ni kubwa vile vile. “Toka,” alimwambia mpwa wake. “Chukua mkoba wako, urudi kwa baba yako. Miaka ishirini na miwili watu wametuamini hapa, umekuja wewe na wingu lako. Toka kabla sijakosa adabu mbele ya mteja.”

Haya, Bi Mkasi. Hiki ndicho ulichokuwa ukikipika. Kimeiva, kimepakuliwa, kimewekwa mbele yako. Ni kunyamaza tu, kama ulivyonyamaza mwezi mzima. Binti alikuwa ameshaanza kukunja waya wa kompyuta, machozi yakimtiririka, na hakutaja vipimo vya nani vilikuwa pasiwedi, wala nani alikataa kufuli la pili, wala alimwomba nani msaada. Hakumtazama hata mtu mmoja.

Kama angemtazama, kama angesema neno moja la kumlaumu, Bi Mkasi angeweza kunyamaza. Hilo alilijua baadaye, na lilimwogopesha.

“Nilijua,” alisema.

Shangazi aligeuka. “Ulijua nini?”

“Binti alinifuata hapa hapa nikwambie tubadilishe. Nilikataa. Nilimwelewa, nikakataa. Kifungo nimekutana naye dukani Jumanne, akanitajia namba zako kwa kuimba, akaniambia wanasoma kadi zangu. Nikarudi nikanyamaza. Kabla ya hapo aliniuliza nyuma apige au asipige, nikamwambia apige. Nilikuwa namwonea wivu, Shangazi. Nilitaka aanguke yeye. Sikujua ataangukia wapi.”

Shangazi alimtazama mwenzake, mtu wa sahani moja, kisha akachukua kitambaa, akakilowesha spiriti, akaenda mlangoni na kuanza kusugua shingo ya sanamu. Alisugua mpaka namba ya mwisho ikatoka, na bado akaendelea kusugua. “Na mimi niliambiwa,” alisema, akiwa amewapa mgongo. “Mara tatu. Wingu, weka huo mkoba chini.”

Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya gauni lake, anagusa mshono wa bega. Bi Mkasi alimsogelea hatua mbili tu.

“Mwalimu. Nifanye nini?”

“Maji yakimwagika hayazoleki,” alisema Mwalimu. “Harusi iko pale pale. Gauni nalitaka, nimelipenda.” Alifuta uso kwa kiganja. “Lakini nimepungua tangu vile vipimo. Nipimwe upya. Na asinipime huyu.”

Aliinua kidole, akamwelekezea Wingu. “Anipime yule.”

“Mimi sijui kupima, Mwalimu,” alisema Wingu.

“Utajifunza.”

Wakaingia wawili nyuma ya pazia la kijani, na pete za pazia zikalia kwenye chuma. Kwa miaka ishirini na miwili Bi Mkasi alikuwa akizisikia pete zile akiwa upande wa ndani. Alibaki nje, mikono haina pa kwenda. Kisha akasikia futi ikianguka, na binti akinong'ona samahani, na futi ikianguka tena. Mtu asiyejua akikosea mahali pale, anaumiza, na si mshono anaouharibu.

Donge lilikuwepo bado. Msidhani liliyeyuka kwa sababu amekiri. Lilipanda mpaka kooni, likamwambia: mwache ashindwe, aitwe mwenye kazi. Bi Mkasi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kitambaa.

“Wingu,” alisema kwa sauti ya chini. “Anza na kulia. Weka ncha ya futi kwenye mfupa wa bega, shuka nayo. Kabla hujagusa popote, mwambie unakwenda wapi. Usiangalie pembeni. Mtazame usoni.”

Kisha sauti ya binti: “Mwalimu, nakuja begani.”

“Haya.”

“Sasa kushoto,” alisema Bi Mkasi. “Usiikaze futi. Hapo huwa pana baridi, pasha vidole vyako moto kwanza. Ishikilie, usiharakishe kusoma namba. Mwache avute pumzi, aitoe, ndipo usome.”

Alimfundisha yote. Alichojifunza kwa miaka, alichokuwa akiwaficha hata mafundi wake wakubwa, alikitoa kidogo kidogo kupitia pazia, asione kinapokwenda. Katikati Wingu alisema jambo ambalo Bi Mkasi hakulisikia vizuri, na Mwalimu akacheka, kicheko kifupi cha puani. Kicheko kile zamani kilikuwa chake. Alifumba macho mpaka kikapita.

“Nimemaliza,” alisema Wingu. “Naandika wapi? Kwenye kadi?”

“Usiandike popote,” alisema Mwalimu. “Si kadi, si simu, si wingu. Mtajie huyo aliyesimama hapo nje. Akate kwa kichwa.” Alisita, na Bi Mkasi akasikia kitambaa kikisuguana, mtu akifunga vifungo vyake mwenyewe, kimoja kimoja. “Kunyamaza anakujua.”

Wingu akaanza kutaja namba. Bi Mkasi alirudi kwenye meza, akachukua chaki, akazikariri moja baada ya nyingine kama fundi mpya siku ya kwanza.